Kuifundisha Programu ya Sataranji Kuzungumza na Ubao

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba nieleze habari za programu ya sataranji iliyoandikwa na chama chetu, na hasa jinsi ilivyowezeshwa kuzungumza na ubao wa picha unaoonekana juu ya kioo cha kompyuta. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, jambo hili ni somo jema kwa kila anayejifunza kuandika programu, hata kama hajui sataranji. Pili, mimi nimo katika kidato cha sita, na mwisho wa mwaka nitaondoka. Programu ambayo haiwezi kusema ila kwa kinywa cha mtu mmoja huondoka pamoja na mtu huyo. Basi yafaa niwaachie wadogo zetu maarifa haya kwa maandishi, ili wayaendeleze.

SATARANJI KATIKA MJI WETU

Mji wa Kampala si mgeni wa mchezo huu. Mwaka 2004 Bwana Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa mtaa wa Katwe. Mmoja wa wanafunzi wake, Phiona Mutesi, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na tena mwaka 2012 huko Istanbul, Uturuki. Mwaka 2016 habari zake zilionyeshwa katika nchi nyingi kwa filamu iitwayo Queen of Katwe.

Wala kufikiri hatua za mbele si jambo la kigeni kwetu. Wazee wa Buganda walicheza omweso, ambao ni ndugu wa bao la watu wa pwani, juu ya ubao wenye mashimo 32 na kwa mbegu 64. Ubao wa sataranji nao una nyumba 64. Mtu aliyezoea kuzihesabu mbegu za mwenzake kabla ya kucheza, amekwisha kuanza kujifunza sataranji bila kujua.

Katika chama chetu palikuwa na shida moja. Wavulana wa kidato cha kwanza waliona haya kucheza na wakubwa. Mtoto akishindwa mara tatu mbele ya watu wanaocheka, Jumamosi ya nne haji. Ndiyo maana tuliamua kuandika programu. Tulitaka mpinzani asiyecheka, asiyechoka, na anayekubali kuanza upya mara kumi. Tuliiandika kwa lugha ya Python, nayo ikapewa jina la Boda, kwa kuwa hapo mwanzo ilipenya kati ya kete bila kutazama kulia wala kushoto, kama zile pikipiki za mjini saa ya msongamano.

Boda ilizijua sheria zote za mchezo, na iliweza kutazama mbele hatua tatu. Lakini haikuwa na sura. Iliandika hatua yake kwa herufi tu katika dirisha jeusi la maandishi, nasi tukaketi kando na ubao wa mbao, tukiisogezea kete. Mtoto wa kidato cha kwanza hakuweza kucheza nayo ila mmoja wetu awe karibu kumtafsiria. Basi yule mpinzani asiyecheka akahitaji mkubwa wa kukaa naye, na shida ikabaki pale pale.

MWENYE KUFIKIRI NA MWENYE KUONYESHA

Watu wengi hudhani kwamba programu ya sataranji ni kitu kimoja. Aghalabu ni vitu viwili. Kimoja ni injini, nayo ndiyo inayofikiri. Injini haina picha wala rangi. Hupewa mpangilio wa kete, hutafuta hatua iliyo bora, kisha huitaja. Kitu cha pili ni programu ya ubao. Hiyo huchora nyumba na kete, huzishika saa za wachezaji, huandika orodha ya hatua zilizochezwa, na humwezesha mtu kusogeza kete kwa kipanya. Ubao waweza kuzijua sheria, lakini kuchagua hatua si kazi yake.

Kugawana kazi namna hii kuna faida kubwa. Anayependa hesabu huandika injini bila kusumbuka na michoro, na anayependa michoro huchora ubao bila kusumbuka na hesabu. Hata Stockfish, iliyoanza mwaka 2008 na ambayo ni mojawapo ya injini zenye nguvu kabisa duniani, haina ubao wake wa picha. Hutegemea ubao ulioandikwa na watu wengine.

Zamani mtu mmoja alizifanya kazi zote mbili. Mwingereza Alan Turing, pamoja na rafiki yake David Champernowne, alitunga mwaka 1948 sheria za programu ya kucheza sataranji, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta iliyoweza kuiendesha. Mwaka 1952 alicheza na mtu aitwaye Alick Glennie kwa kuzifuata sheria zile kwa kalamu na karatasi, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye mashine. Yasemekana kila hatua ilimchukua karibu nusu saa, na mwishowe programu ikashindwa. Turing alikuwa injini, na mkono wake ukawa ubao. Sisi tuliokaa kando ya Boda tukisogeza kete tulikuwa tukifanya nusu ya kazi ile ile, miaka zaidi ya 70 baadaye.

MAPATANO

Vitu viwili visivyojuana vikitaka kushirikiana, hapana budi viwe na lugha moja. Tazameni bweni letu. Humo mna Mganda, Mwacholi, Mnyankole na Mlugbara. Kama kila mmoja angekuwa hana budi kujifunza lugha ya kila mwenziwe, watu hawa wanne tu wangekuwa na jozi sita za kutafsiriana. Lakini wakipatana juu ya lugha moja, kila mtu hujifunza hiyo moja, na kazi imekwisha.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Tuseme pana injini 10 na programu za ubao 10. Pasipo mapatano, yatahitajika madaraja 100 ili kila injini icheze katika kila ubao. Yakiwapo mapatano, kila mmoja hujifunza lugha ile mara moja, na kazi zote ni 20 tu.

Sisi wa Kampala tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuyatunza mapatano hayo. Tangu 1952 hata 1962 makao ya Kamati hiyo yalikuwa hapa hapa mjini petu, katika Chuo cha Makerere. Watu wa Mombasa hawakuacha kusema Kimvita nyumbani mwao. Walichokipata wote ni namna moja ya kuandika, ili kitabu kilichopigwa chapa mahali pamoja kisomeke na mahali pengine.

Katika sataranji, mapatano yanayotumika sana siku hizi huitwa UCI. Yalitolewa mwaka 2000 na Wajerumani wawili, Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen. Kabla yake yalikuwapo mapatano ya XBoard, nayo yangali yakitumika. Sisi tulichagua UCI kwa kuwa ni mepesi kufundisha. Mazungumzo yote ni mistari ya maandishi ya kawaida. Ubao huandika mstari, injini huusoma. Injini huandika mstari, ubao huusoma. Hata ndani ya injini mtu awe na lugha yake apendayo, mlangoni husema lugha ya wote.

MANENO YENYEWE

Haya ndiyo mazungumzo mafupi kabisa kati ya ubao na injini. Nimeyaandika kama mchezo wa kuigiza.

Ubao: uci
Injini: id name Boda
Injini: id author Chama cha Sataranji
Injini: uciok
Ubao: ucinewgame
Ubao: isready
Injini: readyok
Ubao: position startpos moves e2e4
Ubao: go movetime 2000
Injini: bestmove e7e5

Sasa tuyaeleze. Neno la kwanza, uci, ni kama hodi. Ubao unauliza, "Je, wewe wajua mapatano haya?" Injini hutaja jina lake na la mwandishi wake, kisha husema uciok, yaani, "Najua, karibu." Neno ucinewgame hutangaza kwamba mchezo mpya unaanza. Neno isready huuliza kama injini i tayari, na jibu lake ni readyok.

Mstari unaoanza kwa position ndio wenye maana kubwa. Neno startpos maana yake kete zi mahali pa mwanzo, na baada ya moves huja hatua zote zilizochezwa tangu mwanzo wa mchezo. Kila hatua huandikwa kwa nyumba mbili: nyumba inakotoka kete, kisha nyumba inakokwenda. Kwa hiyo e2e4 ni askari wa mfalme mweupe aliyesogea nyumba mbili. Mfalme mweupe akijificha upande wa kulia pamoja na mnara wake, huandikwa e1g1, yaani hutajwa mwendo wa mfalme tu. Askari akifika mwisho wa ubao na kugeuka malkia, huongezwa herufi q mwishoni, kama e7e8q.

Angalieni kwamba ubao hautumi hatua ya mwisho peke yake. Hutuma mchezo mzima kila mara. Mwanzoni hili laonekana kama kazi ya bure, lakini lina hekima yake. Injini haihitaji kukumbuka lolote. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, jambo ambalo hapa kwetu si geni, yatosha ubao uwe umeihifadhi orodha ya hatua. Umeme ukirudi, injini husomewa orodha ile na kuendelea pale pale walipoachia.

Mwisho, go ni amri ya kufikiri, na movetime 2000 ni muda: milisekunde 2,000, yaani sekunde mbili. Jibu ni bestmove na hatua iliyochaguliwa.

KWA NINI INJINI HUWA BUBU

Hapa pana jambo ambalo karibu kila mwandishi wa injini hukutana nalo. Ukiifungua injini peke yake katika dirisha la maandishi na kuipigia neno uci, hujibu mara moja. Ukiikabidhi kwa ubao, hunyamaza kimya. Ubao hungoja, hungoja, kisha husema kwamba injini haijibu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Boda siku tuliyoijaribu. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akauliza, "Kaka, mbona imekuwa bubu?"

Haikuwa bubu. Ilikuwa imekwisha kujibu, lakini jibu lilikuwa halijaondoka. Ili kuelewa, tufikiri juu ya teksi zetu za watu 14 pale stendi ya zamani. Teksi haiondoki kwa abiria mmoja. Humngoja wa pili, na wa tatu, hata ijae. Kompyuta nayo hufanya hivyo ili kupunguza safari. Programu inapoandika juu ya kioo mbele ya mtu, kila mstari hupelekwa papo hapo, kwa kuwa yupo mtu anayesoma. Lakini inapoandika kwa programu nyingine, maandishi hupita katika njia iitwayo bomba, na hapo hukusanywa kwanza, hata yafikie herufi elfu kadhaa, ndipo yaondoke.

Sasa oneni ajabu yake. Neno uciok limekwisha kupanda teksi, linangoja abiria wengine. Ubao nao hauwezi kusema neno jingine mpaka uciok lifike. Na abiria wengine hawatakuja mpaka ubao useme. Basi kila mmoja humngoja mwenziwe, nao wataweza kungojana hata jua litue.

Dawa yake ni kuikodi teksi: kuiamuru kompyuta iondoke na mstari ule mara moja, ujapokuwa mmoja. Katika Python amri huandikwa hivi:

print("uciok", flush=True)

Katika lugha ya C huandikwa fflush(stdout) baada ya kila jibu. Neno hili moja dogo, flush, likitiwa katika kila mstari unaotoka, ulimi hufunguka. Boda ilijibu hodi mara tu tulipolitia.

KUSIKIA HUKU UKIFIKIRI

Kujibu ni nusu ya mazungumzo. Nusu ya pili ni kusikia, na hii ni ngumu zaidi.

Mwanzo wa mchezo, mweupe ana hatua 20 anazoweza kucheza. Mweusi akijibu, njia zimekuwa 400. Baada ya hatua ya tatu ni 8,902, baada ya nne ni 197,281, na baada ya tano ni 4,865,609. Kila hatua moja ya mbele huongeza kazi mara ishirini au zaidi. Kwa hiyo injini inaweza kuzama katika kufikiri kwa muda mrefu sana.

Wakati huo ubao waweza kutuma neno stop, maana yake, "Basi, nipe ulichokipata." Au waweza kuuliza tena isready ili kujua kama injini ingali hai. Mapatano yanataka injini ijibu hata ikiwa katikati ya kufikiri. Injini yenye njia moja tu ya kazi haiwezi. Ni kama mwanafunzi aliyeziba masikio kwa vidole ili afanye hesabu. Kengele ya chakula italia na hataisikia.

Kwa hiyo kazi hugawanywa katika nyuzi mbili zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja. Uzi wa kwanza husikiliza tu. Uzi wa pili hufikiri tu. Msikilizaji akipata neno stop, huinua bendera. Mwenye kufikiri, kila baada ya kupima mipangilio elfu moja hivi, hutupa jicho kuitazama bendera. Akiiona imeinuliwa, huacha na kujibu.

Lakini hujibu nini ikiwa hajamaliza? Hapa huja hila nzuri. Injini isianze moja kwa moja na hatua tano za mbele. Ianze na moja, ipate jibu na kulihifadhi. Kisha itazame hatua mbili, irekebishe jibu. Kisha tatu, kisha nne. Kwa njia hii wakati wowote ikikatizwa, ina jibu mkononi. Nadhani hata sisi tunaokaribia mtihani twaweza kujifunza kitu hapo: andika kwanza jibu fupi lililo sahihi, ndipo ulirefushe muda ukiruhusu.

SAA

Katika mchezo wa mashindano ubao hausemi movetime. Hutaja saa za wachezaji wote wawili, hivi:

go wtime 300000 btime 300000 winc 2000 binc 2000

Maana yake, mweupe amebakiwa na milisekunde 300,000, ambazo ni dakika tano, na mweusi kadhalika. Tena kila mmoja huongezewa sekunde mbili kwa kila hatua. Ubao hauiambii injini itumie muda gani. Hiyo ni akili ya injini yenyewe.

Boda hugawanya muda uliobaki kwa 40. Kwa dakika tano hupata milisekunde 7,500, yaani sekunde saba na nusu kwa hatua ya kwanza. Muda unavyopungua, nayo hupunguza matumizi yake. Twaondoa pia milisekunde chache kwa ajili ya safari ya jibu kutoka injini hadi ubao, kwa maana saa ya ubao haisimami mpaka jibu lifike. Injini yenye akili nyingi isiyojua kupima muda hushindwa na injini ya kawaida inayoujua.

ADABU YA KINYWA

Liko jambo moja la mwisho. Mwandishi wa programu hupenda kuiambia iandike kila inachofanya: "Nimeanza," "Nimefika hapa," "Namba hii ni ngapi?" Katika dirisha la maandishi hayo ni msaada. Chini ya ubao ni makelele, kwa kuwa ubao husoma kila mstari ukidhani unaambiwa wewe. Anayetaka kuandika kumbukumbu zake aziandike katika faili, au aanze mstari kwa maneno info string, ambayo ubao huyapokea kama habari tu.

Kadhalika injini ikiambiwa neno isilolijua, mapatano yanaamuru ilipuuze na kuendelea. Isilalamike wala isife. Na kabla ya kutaja bestmove, ihakikishe kwamba hatua ile ni halali. Programu nyingi za ubao huihesabu injini imeshindwa papo hapo ikicheza hatua isiyo halali.

Injini pia yaweza kueleza maoni yake inapofikiri, kwa mfano:

info depth 3 score cp 100 pv g1f3

Hapo inasema kwamba imetazama hatua tatu, yajiona imezidi kwa thamani ya askari mmoja, maana cp 100 ni askari mmoja, na yafikiria kucheza farasi. Mwanafunzi anayecheza akisoma mstari huu, ni kama anayechungulia ndani ya kichwa cha mpinzani wake.

FAIDA ILIYOPATIKANA

Boda sasa hucheza katika kompyuta ya chama kwa ubao uitwao Cute Chess, ambao hutolewa bure. Jumamosi ya kwanza mvulana mmoja wa kidato cha kwanza aliketi mbele yake peke yake. Alishindwa mara sita. Akatoka kwenda kunywa maji, akarudi, akaketi tena. Hapakuwa na mtu wa kumtafsiria wala wa kumcheka. Wiki zilizofuata aliendelea kuja, naye amewaleta wenzake wawili. Boda haikuongezewa akili hata kidogo siku ile. Ilicheza vile vile ilivyocheza katika dirisha jeusi. Kilichoongezwa ni njia ya kuyatoa yale iliyokuwa nayo, ili mtu asiyeijua aweze kuyatumia.

Tena, kwa kuwa inashika mapatano ya wote, twaweza kuipambanisha na injini yoyote nyingine ishikayo mapatano hayo, iliyoandikwa Norway au India, bila kubadili neno. Stockfish imeipiga kila mara. Hilo halituvunji moyo, kwa maana angalau imeketi naye meza moja.

MAZOEZI

Wadogo zangu, jaribuni haya kwa mpango huu, wala msiruke.

1. Andikeni programu fupi ambayo haijui sataranji kabisa. Ikisikia uci, ijibu jina lake na uciok. Ikisikia isready, ijibu readyok. Ikisikia quit, ijifunge. Ijaribuni kwa mkono katika dirisha la maandishi kabla ya kuitia katika ubao.

2. Ongezeni amri ya position na go, lakini ichague hatua yoyote halali kwa kubahatisha. Itieni katika ubao. Ikinyamaza, kumbukeni habari ya teksi.

3. Ipeni nyuzi mbili, kisha iambieni go infinite, maana yake ifikiri bila kikomo. Tumeni stop. Ikijibu bestmove mara moja, imekwisha kujua kusikia, nanyi mwaweza kuanza kuifundisha kucheza vizuri.

Oneni kwamba nimeweka mazungumzo kwanza na akili baadaye. Wengi hufanya kinyume, wakisema, "Nitaifanya iwe hodari kwanza, ndipo niionyeshe watu." Lakini programu iliyo dhaifu na yenye kusema huwapata wengi wa kucheza nayo na kuonyesha udhaifu wake, nayo hukua. Programu hodari iliyo bubu hukaa katika kompyuta ya mwenyewe hata isahauliwe.

Maandishi yote ya Boda, pamoja na maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, nimeyaacha katika kabati la chama, na nakala nyingine iko kwa mwalimu wetu wa hesabu. Kaka zetu mlio nje, mwenye kompyuta kuukuu isiyotumika aikumbuke shule. Boda haihitaji mashine kubwa. Nanyi wadogo zetu, msiogope kuibadilisha. Mkifuta kila nilichoandika ndani yake, mradi mkilinda mlango wake useme lugha ya wote, atakayekuja baada yenu ataweza kucheza nayo pasipo kuwauliza ninyi wala mimi.

Mwanafunzi wa kidato cha sita,
Kampala.